Modeli ya sweta ya kwanza

Sweta ya kwanza mara nyingi huharibikia kwenye karatasi, kabla hata uzi haujanunuliwa. Anayeanza huona picha ya sweta yenye misokoto kifuani, au ua la rangi tatu, au kola ya kukunjwa mara mbili, akaichagua kama anavyochagua kitenge sokoni: kwa jicho. Kitenge kikishanunuliwa hupelekwa kwa fundi. Modeli ya kufuma ikishachaguliwa, aliyeichagua ndiye fundi, na kila pambo la pichani litapita vidoleni mwake kitanzi kwa kitanzi. Ndiyo maana swali la kuuliza mbele ya modeli yoyote ni la kikatili kidogo: kosa la mstari wa 40 litaonekana lini, na litafumuliwa kwa hasara ya mistari mingapi? Modeli rahisi ni ile ambayo kosa lake hujionyesha mapema na hufumuka bila machozi.

Butembo, huku Kongo, ni mji wa sweta. Uko karibu kabisa na ikweta, lakini umekaa juu ya vilima, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi mtu haoni aibu kutoka amejifunika hadi kidevuni. Kwenye nyanda za Lubero, ambako viazi hulimwa kwenye miteremko, kuna vijiji vilivyopita mita 2,000, na huko baridi haingoji msimu. Kutoka Butembo kupitia Beni hadi Kasindi, mpakani na Uganda, ni safari ya kilomita kama 130, na barabara inashuka hadi kwenye bonde la Semliki lenye joto. Mfanyabiashara aliyepanda gari alfajiri akiwa amevaa sweta hufika mpakani ameitupia begani. Mtu wa namna hiyo atafaidika zaidi na sweta ya kufunguka kifuani kuliko ya kuvalia kichwani, ila ya kufunguka ina ukanda wa vifungo, na ukanda wa vifungo ni kazi ya sweta ya pili. Ya kwanza na iwe nzima mbele na nyuma.

Mpaka wenyewe una la kusema katika jambo hili. Mto Lubiriha unaitenga Kasindi ya Kongo na Mpondwe ya Uganda. Wanande wa upande huu na Wakonzo wa upande ule wanaelewana kwa lugha ya nyumbani bila mkalimani, lakini maelezo yao ya kufuma hayaelewani. Upande wa Kongo kazi ya triko, neno la Kifaransa linalosimama kwa kazi na kwa vazi, ilienezwa na masista na vituo vya wanawake vya enzi ya Wabelgiji vilivyoitwa foyer social. Kimoja cha vituo hivyo kilikuwa Usumbura, Bujumbura ya leo. Kilianza mwaka 1946, na hadi kufikia 1960 wanawake wa mjini walikuwa wakifundishwa hapo kushona, kutia viraka, kupiga pasi na kufuma. Upande wa Uganda walimu walikuwa Waingereza. Hivyo karatasi inayotoka Butembo huandika vifupisho vya Kifaransa, end. na env., na inayovuka kutoka Kasese huandika k na p za Kiingereza, ilhali vidole vinafanya jambo lilelile.

Kinachoumiza zaidi ya vifupisho ni namba za sindano. Kwa Mfaransa namba 4 ni milimita 4, basi. Sindano hiyohiyo katika hesabu ya zamani ya Kiingereza ni namba 8, na kwa Mmarekani ni namba 6. Namba 8 ya Mmarekani ni milimita 5. Tena hesabu ya Kiingereza inakwenda kinyumenyume: namba 10 ni nyembamba, milimita 3.25, na namba 6 ni nene, milimita 5. Anayesoma namba 8 bila kujua ni ya nani anaweza kufuma sweta ya mtoto ikatoka ya mjomba wake. Modeli ya kwanza inafaa iwe inataja milimita. Na sindano zisizo na maandishi hupimwa kwa kuzipanga nne za aina moja bega kwa bega juu ya rula: zikijaza milimita 16, kila moja ni ya 4. Wapo wanaofumia spoki za baiskeli zilizonolewa ncha, na mkono uliozoea hutoa kazi nzuri sana kwa spoki, lakini spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2. Kwa unene huo sweta ya mtoto huchukua miezi, na anayeanza huichoka kabla haijafika kwapani. Milimita 4 hadi 5 ndiyo sehemu ya kuanzia.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye kufuma methali hiyo iwekwe kando kidogo.

Vitanzi vyote vya sweta, hata ile yenye misokoto, ni vya aina mbili. Katika aina ya kwanza uzi hukaa nyuma ya kazi na kitanzi kipya huvutwa kuja mbele. Hiki ni kitanzi cha mbele. Katika aina ya pili uzi huletwa mbele na kitanzi husukumwa kwenda nyuma; hiki ni cha nyuma. Kitanzi cha nyuma ni kitanzi cha mbele kilichotazamwa kwa kinyume, na anayelielewa hilo ameelewa nusu ya ufundi. Akifuma vitanzi vya mbele katika kila mstari, kwenda na kurudi, hupata kitambaa chenye matuta kama shamba la viazi, kinene, kisichojikunja pembeni, sawa pande zote mbili. Akifuma mstari mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma kwa kupokezana, hupata uso laini ule wa sweta za dukani, ambao Wafaransa huuita jezi. Uso laini unapendeza, ila una tabia ya kujikunja kwenye kingo, ndiyo maana chini na mikononi huwekwa mbavu: kitanzi kimoja cha mbele, kimoja cha nyuma, au viwili kwa viwili, vikisimama wima mstari hadi mstari. Mbavu hubana na kuachia kama lastiki. Modeli ya mwanzo haihitaji zaidi ya hapo.

Ikiwa modeli ina marudio, yaani pambo linalojirudia kila baada ya mistari kadhaa, hesabu ya marudio ndiyo kipimo cha ugumu wake. Kuna mahali ambapo kipimo hiki hupata maana halisi: nyuma ya meza ya biashara. Mwanamke anafuma huku akiuza nyanya. Mteja anafika, anauliza bei, anatoa shilingi za Uganda badala ya faranga, chenji inatafutwa kwa jirani. Kazi imewekwa magotini katikati ya mstari. Mteja akishaondoka, uzi unaoning'inia kwenye sindano ya kulia unaonyesha upande wa kuendelea, na kwa modeli ya matuta hakuna kingine cha kukumbuka. Kwa uso laini inatosha kutazama upande gani wa kitambaa umemwelekea. Kwa pambo la mistari 12 lazima akumbuke alikuwa wa 7 au wa 8, na akikosea kumbukumbu, kosa halitaonekana hadi pambo lipindike, mistari 10 baadaye. Kwa mtu wa kazi za kukatizwakatizwa, yaani karibu kila anayefuma, modeli inayoweza kuachwa popote ni bora kuliko modeli nzuri.

Baada ya vitanzi huja umbo, na hapa ndipo modeli zinapotofautiana kweli.

Umbo jepesi kuliko yote ni la bega lililoshuka. Mbele ni kipande kimoja kilichonyooka, nyuma ni kingine, na mkono haukatiwi nafasi yoyote kwapani: kipande kinapanda moja kwa moja hadi begani, na mkono unaanzia pale ubavu wa kitambaa ulipo, sentimita kadhaa chini ya bega lenyewe la mvaaji. Sweta za wavuvi wa pwani za Uingereza zilifumwa kwa maumbo yaleyale ya mraba kwa vizazi, na hakuna aliyesema hazikukaa vizuri. Ubaya wake ni mkunjo wa kitambaa kwapani. Kwa mtoto haumsumbui, kwa mtu mzima mwembamba huonekana. Uzuri wake ni kwamba hakuna hesabu ya mviringo popote isipokuwa shingoni.

Sweta isiyo na mikono ni nusu ya kazi hiyohiyo, na kwa Butembo ya mchana inatosha. Walimu wengi wa kufuma huianzisha hiyo kwanza, na ni uamuzi wa busara kwa yeyote mwenye shaka kama atafika mwisho. Ila anayetaka kujifunza sweta akiacha mikono ataukuta mkono ukimngoja kwenye sweta ya pili, pamoja na uoga wake wote.

Umbo la tatu ni raglani, lenye mistari minne ya mshazari kutoka shingoni hadi kwapani. Jina linatokana na Lord Raglan, jemadari wa Uingereza aliyepoteza mkono wa kulia katika vita vya Waterloo mwaka 1815, na inasemekana koti la mkono wa namna hiyo lilimfaa. Raglani inayofumwa kutoka shingoni kwenda chini ina sifa moja kubwa: huvaliwa ikiwa bado kwenye sindano. Ikifika kwapani, mtoto anaitwa, anavishwa, na inaonekana kama inabana au inapwaya, kabla uzi haujaliwa zaidi. Hakuna mishono ya kuunganisha mwishoni. Kwa mwenye sindano ya mviringo, ile ya ncha mbili zilizoungwa kwa waya laini, raglani ya kutoka juu ni modeli njema ya kuanzia. Kwa mwenye sindano mbili tu zilizonyooka haifai. Itageuka kuwa vipande vinne vya mshazari vya kushonwa, na mshono wa mshazari ni mshono mgumu.

Mkono wa kupachika, ule wa makoti ya suti, uachwe. Kichwa cha mkono huo ni mviringo unaopatikana kwa kupunguza vitanzi kwa mwendo usio sawa, na tundu la kwapani lina mviringo wake, na viwili hivyo lazima vilingane. Unapendeza kuliko yote mwilini. Ndio pia huacha sweta nyingi mfukoni zikiwa zimekamilika isipokuwa kushonwa. Zile zenye duara la mapambo kuzunguka mabega nazo ziachwe, kwa sababu rangi mbili katika mstari mmoja ni ufundi wa peke yake: uzi usiotumika hupitishwa nyuma, ukivutwa sana kitambaa hukunjamana.

Ukubwa wa mvaaji ni sehemu ya modeli, na hesabu yake inasadikisha kuliko ushauri. Tuseme kitambaa cha uso laini kina vitanzi 20 na mistari 28 katika mraba wa sentimita 10. Mtoto wa miaka 6 ana kifua cha sentimita 60 hivi; akiongezewa 8 za kupumua, sweta huzunguka 68, kila upande 34, yaani vitanzi 68. Urefu wa sentimita 38 ni mistari 106. Kipande kimoja kina vitanzi 7,208. Baba yake mwenye kifua cha 96 huhitaji mzunguko wa 106 na urefu wa 58: vitanzi 106 kwa mistari 162, jumla 17,172 kwa kipande. Ni zaidi ya mara mbili, na mikono bado. Mtoto hutumia uzi wa robo kilo hivi. Mtu mzima karibu nusu kilo. Anayeanza na sweta ya mume kwa mapenzi anajitwisha mzigo wa miezi. Akianza na ya mtoto, anajua katika wiki chache kama mkono wake unabana au unalegeza. Mtoto mchanga ni mdogo zaidi, lakini sweta yake ina vifungo begani au mgongoni na nyuzi nyembamba, na mtoto mwenyewe huipita kwa miezi mitatu. Umri wa miaka 4 hadi 7 ndio wa kufanyia mazoezi.

Hesabu hizo zote zinasimama juu ya kipande cha kupimia, na modeli isiyotaja kipimo hicho haistahili kununuliwa. Kabla ya sweta hufumwa mraba wa sentimita 15 kwa uzi na sindano zilezile, unafuliwa, unakaushwa, kisha vitanzi vinahesabiwa katika sentimita 10 za katikati. Modeli ikisema 20 na mkono ukatoa 18, kipande cha vitanzi 68 kitakuwa na upana wa karibu sentimita 38 badala ya 34, na sweta nzima itazidi kwa sentimita 7 na nusu. Mkono ukitoa 22, sweta itazunguka 62, na mtoto wa kifua cha 60 atavaa kitu kama soksi. Dawa si kujilazimisha kukaza au kulegeza, kwa kuwa mkono hurudi kwenye tabia yake ukichoka; dawa ni kubadili sindano. Vitanzi vikiwa vichache, sindano iwe nyembamba zaidi. Vikiwa vingi, nene zaidi. Wafumaji hulichukia zoezi hili kama watoto wanavyochukia kuoga, na kwa matokeo yaleyale.

Uzi nao uko ndani ya uchaguzi wa modeli, maana maelezo yaliyoandikwa kwa uzi mmoja hayaufai mwingine. Unaouzwa zaidi kwenye maduka ya eneo hili ni akriliki: haupigwi na nondo, unafulika, bei yake inavumilika. Unene wa kati ndio wa kuanzia. Uzi wenye manyoya huficha vitanzi, na uliosokotwa kwa rangi nyingi huficha makosa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na yote mabaya kwa mwanafunzi anayehitaji kuona alichofanya. Hapa pana mtego wa Kongo peke yake. Sare ya shule ni bluu na nyeupe, kwa hiyo mama wengi hutaka sweta ya kwanza iwe ya bluu iliyokolea, ipate kuvaliwa darasani. Bluu hiyo usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, ni giza juu ya giza. Kitanzi kilichodondoka hakionekani hadi asubuhi, kimeshashuka mistari sita. Kijivu cheupe, manjano ya maziwa: rangi yoyote nyepesi. Bluu ingoje. Na uzi wote ununuliwe siku moja, wenye namba moja ya rangi kwenye karatasi yake, kwa sababu mzigo unaofuata ukivuka Kasindi unaweza kuwa wa chungu kingine cha rangi, na tofauti isiyoonekana dukani huonekana kifuani.

Asiye na fedha ya uzi mpya hufumua sweta ya mitumba. Ni njia nzuri, mradi sweta ichunguzwe kabla ya kulipiwa. Ipinduliwe, mshono wa ubavuni utazamwe. Kingo zikiwa na vitanzi kamili vilivyoungwa kwa uzi kama mnyororo, kila kipande kilifumwa kwa umbo lake na uzi wake ni mmoja mrefu. Kingo zikiwa zimekatwa na kuzungushiwa uzi mwembamba wa cherehani, kitambaa kilikatwa kwa mkasi, na kila mstari utatoka kama kipande kifupi kisicho na kazi. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, hufungwa sehemu nne, hufuliwa, hutundikwa na kizito chini yake hadi ukauke. Ukifumwa na mawimbi yake, kipande cha kupimia kitadanganya.

Karatasi ya maelezo yenyewe husomwa yote kabla ya kuanza, kama mtu anavyosoma mkataba. Dalili njema ni mchoro mdogo wa vipande wenye vipimo kwa sentimita: hata maneno yakishindikana, mchoro unatosha kufumia. Dalili nyingine njema ni jumla ya vitanzi kutajwa kila baada ya kuongeza au kupunguza, ili anayefuma ajihakikishe. Dalili mbaya ni maneno "wakati huohuo". Maelezo yakisema punguza kwapani kila mstari wa 2 na wakati huohuo punguza shingoni kila mstari wa 4, mfumaji ana hesabu mbili kichwani zisizokutana, na hapo ndipo wengi hupotea. Dalili nyingine mbaya ni saizi sita zikiwa zimebanwa kwenye mabano katika kila sentensi. Zikiwepo, namba za saizi inayotakiwa zizungushiwe kalamu kote kabla ya kitanzi cha kwanza.

Shingo hupewa mistari miwili katika maelezo mengi, nayo inahitaji zaidi. Kichwa cha mtoto wa miaka 6 huzunguka sentimita 51 hivi, si mbali na 60 za kifua chake. Shingo rahisi kuliko zote kufuma ni mpasuko ulionyooka kati ya mabega mawili, lakini mpasuko wa kupitisha kichwa hicho ungekuwa na upana wa sentimita 25 kwenye kipande cha 34, na sweta ingeteleza mabegani. Modeli nzuri ya mtoto hutatua jambo hili kwa njia moja kati ya mbili: shingo ya mviringo iliyozungushiwa mbavu zinazonyumbuka, au bega moja lililoachwa wazi sentimita 8 na kufungwa kwa vifungo viwili. Njia ya pili ni nyepesi zaidi. Katika zote mbili, mstari wa mwisho wa kufunga vitanzi ufumwe kwa ulegevu, hata kwa sindano nene zaidi. Shingo iliyofungwa kwa kukazwa ndiyo sababu ya kilio kinachosikika asubuhi ya kuvaa sweta mpya.

Asiyepata karatasi yoyote anaweza kujitungia. Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1910 na kuhamia Marekani, aliandika kitabu mwaka 1971, Knitting Without Tears, ambamo sweta nzima ya kufumwa kwa mviringo hutokana na namba moja: vitanzi vya kuzunguka kifua. Kifundo cha mkono huchukua asilimia 20 ya namba hiyo, mkono wa juu kama asilimia 33, shingo 40. Kwa sweta ya vitanzi 136 ni 27, 45 na 54. Ni njia ya mwenye sindano za mviringo na mwenye moyo, lakini inaonyesha kwamba modeli ni vipimo vya mwili vilivyogeuzwa kuwa hesabu ya vitanzi, na mafumbo mengine yote ya kwenye karatasi ni namna za kuiandika hesabu hiyo.

Mkono wa modeli ya bega lililoshuka una njia mbili, na maelezo hayasemi kila mara ipi ni bora. Ya kwanza ni kuufuma peke yake kuanzia kifundoni, kisha kuushona. Ya pili ni kushona mabega kwanza, kuokota vitanzi kwenye ubavu wa kitambaa, 30 mbele na 30 nyuma kwa mtoto wetu wa miaka 6, na kufuma kuelekea kiganjani. Kitanzi kimoja hupunguzwa kila upande katika kila mstari wa 6, mara 11, vikibaki 38 vya kufumia mbavu za kifundo. Mishono inayobaki ni ya ubavu na chini ya mkono, iliyonyooka, inayoshonwa kitambaa kikiwa kimelazwa mezani uso juu. Ikishaisha, sweta ya akriliki isikaribishwe pasi ya makaa: joto huulegeza uzi na hauwi tena na nguvu ya kurudi. Hulowanishwa, hunyooshwa kwa mkono juu ya taulo, huachwa ikauke.

Njia hiyo ya pili ndiyo ya kuchagua, kwa sababu itakayoonekana mwaka unaofuata. Kitambaa kilichofumwa hufumuka kwa wepesi kutoka mwisho wake, si kutoka mwanzo. Mkono ulioanzia kifundoni, mtoto akirefuka, hauna pa kufunguliwa ila begani. Ulioanzia begani hufunguliwa kwenye fundo la mwisho pale kifundoni: mbavu zinafumuliwa, vitanzi 38 vinarudishwa kwenye sindano, uzi uliobaki wa namba ileile ya rangi unaungwa, na sentimita 4 zinaongezwa jioni moja kabla ya mbavu kufumwa upya.